Herufi kwenye vali ya babu

Redio ya marehemu babu, hapa Rubavu, ilinyamaza kabla sijazaliwa. Nilivuka mpaka hadi Goma, nikanunua vali kuukuu iliyoandikwa UL84. Ilikuwa na miguu 9, sawa na EL84 iliyoungua, aina iliyotolewa na Philips miaka ya 1950. Iliingia vizuri; haikuwaka.

Nilipuuza herufi ya kwanza. Vali za E hupashwa moto kwa volti 6.3, kwa kawaida kutoka kwenye transfoma. Za U zilifungwa kwa mfuatano katika redio za bei nafuu zisizo na transfoma. UL84 peke yake hutaka volti 45. Kumbe babu, aliyejiita maskini, hakununua ya bei nafuu!

Sasa natafuta EL84, au 6P14P ya Kisovieti inayolingana nayo. Bibi ananihimiza: masikio yake yanachoka.