Nukta

Katika steshenari moja ya Shanwe, hapa Mpanda, mama alileta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kiskaniwe. Kijana wa mashine akamwuliza, “Shikamoo mama, nikuwekee rezolusheni ngapi?” Mama aliitikia salamu, kisha akanyamaza. Swali lilikuwa la maana. Neno ndilo lililomfungia mlango.

Wapo wanaolitafsiri azimio. Hapana. Azimio ni uamuzi wa kikao, kama lile la Arusha la 1967. Neno tunalolihitaji tunalo tangu zamani: nukta. Ndiyo inayofunga sentensi, ndiyo iliyo katikati ya “mbili nukta tano.” Skana nayo huisoma karatasi nukta kwa nukta, na kinachoulizwa ni nukta ngapi katika kila inchi.

Kwa cheti, barua au risiti ya nyumbani, 300 zinatosha: muhuri unasomeka na faili ni jepesi. Picha ndogo ya pasipoti ya marehemu babu, unayotaka kuikuza, ipe 600. Lakini ukizidisha nukta za kila inchi mara mbili, jumla ya nukta huwa mara nne, maana zinaongezeka kwa urefu na kwa upana. Karatasi ya A4 kwa 300 ina nukta kama milioni 8.7, kwa 600, karibu milioni 35. Kwa cheti, huo ni mzigo wa bure kwa bando la mama yule akikituma.

Ndugu zangu wa steshenari, muulizeni mteja hivi: “Nukta ngapi kwa inchi?” Na akisita, mwonyesheni ile iliyo mwishoni mwa sentensi.