Mchezo wa Maumbile: Asili ya Jina la Ateri Moja ya Shingo

Istilahi za tiba tunazozipokea kutoka Kilatini na Kiyunani huja na historia zake, na mfasiri asiyeijua historia hiyo aweza kutafsiri kosa la watu wa kale akidhani anatafsiri elimu. Neno "ateri" Wayunani walilitumia kwa njia ya hewa na kwa mishipa ya damu pia, kwani katika maiti waliikuta mishipa hiyo mitupu. "Karotidi" nalo latokana na neno la usingizi mzito, ilhali mnamo mwaka 100 hivi baada ya Kristo Rufus wa Ephesus alikwisha eleza kuwa usingizi huo hauletwi na kubanwa kwa ateri, bali kwa neva zilizo kando yake. Jina lilibaki.

Hapa twataka kutazama jina jingine. Mwaka 1761 mganga Mwingereza David Bayford alipasua maiti ya mwanamke wa miaka 62 aliyetaabika kumeza tangu ujana wake, hata akafa kwa kukosa chakula. Aliona kuwa ateri ya kulia ya chini ya mtulinga, ipelekayo damu mkononi, imetoka mahali pasipo pake na kulibana umio. Mfaransa Hunauld alikwisha iona ateri ya namna hiyo mwaka 1735, lakini Bayford ndiye aliyeihusisha na taabu ya kumeza. Katika maelezo yake ya mwaka 1787 aliiita taabu hiyo kwa neno la Kilatini "lusoria", lililotokana na usemi wenye maana ya mchezo wa maumbile.

Chanzo chake leo chajulikana. Katika kiinitete, ateri kubwa huanza kama matao yaliyopangika kwa jozi, mengine yakabaki, mengine yakatoweka. Tao la nne la kulia likitoweka, ateri ya mkono wa kulia hulazimika kuchipuka mwisho wa tao la aota, upande wa kushoto, kisha kuvuka kwenda kulia, aghalabu nyuma ya umio. Takriban mtu 1 katika kila 100 anayo, na walio wengi huishi na kufa bila kujua. Kwa sababu hiyo hatuafiki kuiita "kasoro", sembuse "ateri potovu". Upotovu katika Kiswahili ni wa tabia. "Tofauti ya kimaumbile" latosha kwa jumla, na "ateri lusoria" libaki kwa ateri yenyewe. Tafsiri ya "ateri ya mchezo" ingemchekesha mgonjwa, au kumkasirisha.

Lakini ugumu hasa uko kwenye neno letu wenyewe, "mshipa". Neva ya sauti ya upande wa kulia kwa kawaida hushuka, huizunguka ateri ya chini ya mtulinga, kisha hupanda kurudi kwenye zoloto. Ateri ikiwa lusoria, neva haina cha kuzunguka, nayo huenda zolotoni moja kwa moja. Stedman alilieleza jambo hili mwaka 1823. Daktari apasuaye tezi ya shingo bila kulijua aweza kuikata, na mgonjwa akapoteza sauti yake. Sasa tujaribu kuandika onyo hilo kwa lugha ya mitaani: mshipa ukipita pengine, mshipa haurudi, basi mshipa usikatwe. Upi? Msomaji hawezi kujua, na muuguzi anayesoma kitabu hicho hawezi kuuliza.

Wako wanaolalamika kuwa "ateri", "vena" na "neva" ni ugeni usio na haja, maadamu "mshipa" lipo. Kwa mazungumzo ya nyumbani tunakubaliana nao, ijapokuwa hata huko mshipa huweza kuwa ngiri. Katika kitabu cha mafunzo ya uganga, kila moja na iandikwe kwa jina lake, na "mshipa" liandikwe pale tu ambapo lolote kati ya hayo lingefaa.