Divai, mvinyo na rubisi: msamiati wa kuoanisha kinywaji na mlo wa nyumbani

Makala hii inahusu maneno ambayo mfasiri na mwalimu huyahitaji wanapoeleza kinywaji kipi kinafaa kwa chakula kipi. Mifano imechukuliwa katika milo ya kawaida ya Nyakahanga, Karagwe, mkoani Kagera, ambako Kiswahili hukutana kila siku na Kinyambo, na ambako ndizi ni chakula na pia ni asili ya kinywaji.

1. Maana na ngeli

*Divai* (I-/ZI-) ni kileo kitokanacho na maji ya zabibu yaliyochachuka. Neno hili kwa kawaida huhusishwa na Kifaransa *du vin*.

*Mvinyo* (U-/I-) limetokana na Kireno *vinho*. Katika matumizi ya sasa maana yake ni pana kuliko ya divai: wapo wanaolitumia kwa divai, na wapo wanaolitumia kwa kileo chochote kikali, hata kilichokenekwa. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version maneno yote mawili yanapatikana: arusi ya Kana (Yohana 2) ina *divai*, ilhali ushauri kwa Timotheo (1 Timotheo 5:23) una *mvinyo*. Kwa hiyo anayetaka kinywaji cha zabibu peke yake aandike *divai*.

*Pombe* (I-/ZI-) kwa asili ni kileo cha kuchachushwa, hasa cha nafaka au matunda. Siku hizi hutumika pia kwa vileo vyote.

*Kileo* (KI-/VI-), kutokana na *-lewa*, ndilo neno jumuishi lililo salama zaidi.

*Rubisi* (I-/ZI-) ni pombe ya ndizi ya Kagera. Katika Kinyambo na Kihaya neno lina kiambishi cha mwanzo (*orubisi*, *olubisi*). Kiswahili kimekiacha kiambishi hicho na kulitia neno katika ngeli ya I-/ZI-: *rubisi hii imeiva*.

2. Je, rubisi ni divai?

Swali hili huwasumbua wafasiri kwa sababu ndizi ni tunda, na vitabu vingi huiita divai pombe yoyote ya matunda. Jibu limo katika utengenezaji. Ndizi za pombe huivishwa kwa siku kadhaa, humenywa, kisha hukamuliwa pamoja na nyasi ili maji yatoke. Maji hayo matamu, yakiwa bado hayajachacha, huitwa *omuramba* (Kihaya *omulamba*), na hunywewa na watoto na watu wazima. Yakitiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha yakaachwa yachache kwa siku moja au mbili, huwa rubisi. Kinywaji hiki kina nafaka ndani yake, hunyweka kikiwa kichanga, na hakiwekwi akiba kwa miezi wala miaka. Kwa sifa hizo ni pombe, si divai. Hata hivyo, *divai ya ndizi* ni istilahi sahihi kwa kinywaji cha kiwandani kilichochujwa na kutiwa chupani, kama kile kitengenezwacho Arusha.

Divai ya zabibu inayotengenezwa nchini hutoka zaidi Dodoma, ambako mizabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Kwa waumini wengi wa Karagwe, neno *divai* hukumbusha kwanza Meza ya Bwana, ndipo meza ya chakula.

3. Vitenzi vya kuoanisha

Kiswahili kina msamiati mkubwa wa kuoanisha chakula na chakula: *kitoweo* (kutokana na *-towea*), *mboga*, *kitafunwa*, *kachumbari*. Kwa kinywaji, vitenzi vinavyofaa ni hivi:

- -shushia: kunywa kitu ili chakula kishuke. *Alishushia ndizi kwa omuramba.* Kitenzi hiki hakisemi lolote kuhusu ladha.
- -endana, -oana, -patana: ladha mbili kufaana. *Divai nyeupe inaoana na sato wa kukaanga.* Kauli ya kutendana ndiyo inayobeba maana. Kuandika *divai hii inakwenda na samaki* ni kuifuata lugha ya kigeni, kana kwamba divai na samaki wako safarini.
- -oanisha: kitendo cha mchaguzi. *Kuoanisha divai na mlo* kunafaa kuwa istilahi.

Izingatiwe kwamba rubisi huoanishwa na tukio zaidi kuliko na sahani: mgeni, posa, mazungumzo ya jioni. Anayefasiri maelezo kuhusu Kagera asilazimishe utaratibu wa mlo pale ambapo matini inazungumzia ukarimu.

4. Sifa za ladha

*Divai kavu* imeenea, lakini ni tafsiri sisisi. Kwa msomaji wa kawaida, *divai isiyo tamu* inaeleweka mara moja. *Kali* lina utata, kwani huweza kumaanisha uchachu, nguvu ya kileo au hata pilipili. Tumia *chachu* kwa ladha ya ndimu na *yenye kileo kingi* kwa nguvu. Ule mkwaruzo wa kukausha ulimi unaoletwa na divai nyekundu una jina zuri la Kiswahili: *ukakasi*. Aliyewahi kuonja ndizi mbichi anaujua.

Kwa maneno hayo, mlo wa Nyakahanga unaweza kuelezwa hivi:

- *Ndizi za kupika na maharage ni mlo mzito na mpole. Kinywaji chenye uchachu kidogo huuchangamsha.*
- *Senene wa kukaanga wana uto na chumvi. Divai nyeupe isiyo tamu husafisha kinywa.*
- *Nyama ya mbuzi ya kuchoma hupunguza ukakasi wa divai nyekundu.*
- *Divai yenye ukakasi mwingi haipatani na dagaa, kwani huacha ladha ya chuma mdomoni.*
- *Kileo kingi huzidisha ukali wa pilipili.*

5. Tahadhari kwa mfasiri

Uteuzi wa neno si suala la mtindo pekee. Baadhi ya dawa, kwa mfano metronidazoli, hutolewa pamoja na onyo la kutokunywa kileo. Karatasi ya mgonjwa ikisema *usinywe divai*, mnywaji wa rubisi ataona haimhusu. Ikisema *usinywe pombe*, anayeihesabu rubisi kuwa kinywaji cha nyumbani tu anaweza kuona vivyo hivyo. Andika: *usinywe kileo chochote, ikiwamo rubisi, bia, divai na gongo.* Kinyume chake, omuramba mbichi usiuite pombe, kwa kuwa utamnyima mtoto au mgonjwa kinywaji kisicho na kileo. Muulize msemaji swali moja: *umechacha?* Jibu lake ndilo litakalokupa neno la kuandika.

Tazama pia: *-chacha*, *gongo*, *kileo*, *kitoweo*, *mbege*, *tembo*, *togwa*, *ulanzi*.