Owino na Majivu ya Siklagi

Nimeombwa niandike kidogo historia ya soko la Owino katika gazeti hili la maadhimisho. Naona aliyeniomba alijua anachofanya, kwa maana kila mwaka mkija Kampala kwenye kongamano, kabla hata ya kuuliza ratiba ya mahubiri, mnauliza njia ya kwenda Owino. Mnataka makoti na viatu. Sawa, hakuna dhambi hapo. Ila mkiwa pale mjue mmesimama wapi.

Soko liko bondeni, kando ya uwanja wa mpira wa Nakivubo na ule mtaro mkubwa wenye jina hilo hilo. Mvua ikinyesha kweli kweli, maji yanapanda na watu wanabeba mizigo kichwani. Kwenye karatasi za serikali linaitwa Soko la St. Balikuddembe, lakini mwambie mtu wa bodaboda jina hilo na huenda akakuuliza, "Yaani Owino?" Owino ni jina la Kijaluo. Ndugu zetu wa Kisumu wanajua kwamba anaitwa hivyo mtoto aliyezaliwa kamba ya kitovu ikiwa imemzunguka shingoni. Wazee wa sokoni husimulia kwamba kulikuwa na mzee wa jina hilo mahali pale kabla vibanda havijajaa. Kwa hiyo soko kubwa la Buganda limebeba jina la Mjaluo, na hakuna anayeona ajabu.

Jina la pili lina historia nzito zaidi. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mkubwa wa vijana watumishi katika jumba la Kabaka Mwanga. Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Kianglikana aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka. Sasa angalia. Balikuddembe alikuwa Mkatoliki, na Hannington hakuwa askofu wake. Tena alikuwa na cheo, anakula vizuri, ana kijana wa kila kazi. Angeweza kusema haya ni mambo ya dini ya jirani, mimi nina wadogo wa kuwalinda hapa ndani. Huo ungekuwa udhuru mzuri kabisa, hata mimi ningeupokea. Yeye alimkemea Kabaka, na tarehe 15 Novemba 1885 akauawa hapo Nakivubo. Najua sisi Wapentekoste hatuombi kupitia kwa watakatifu, na sisemi tuanze. Lakini mtu aliyekufa kwa sababu alimtetea ndugu wa dhehebu lingine, tumheshimu.

Soko lenyewe lilianza 1971, na wachuuzi wa kuhesabika. Mwaka ule ule, Januari, Idi Amin alikuwa amechukua nchi. Agosti 1972 akawapa Waasia siku 90 waondoke, na baada ya hapo maduka yakawa na rafu tupu: sukari, chumvi, sabuni, vyote vikawa vya kutafutwa kwa magendo. Ukizungumza na akina mama wa miaka ile, watakuambia biashara waliifundishwa na shida, si na shule. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari, na Septemba makundi 27 ya dini yakapigwa marufuku. Wapentekoste tulikuwa humo. Watu wakaomba majumbani, usiku, sauti chini, mpaka Amin alipoondolewa Aprili 1979. Vijana wa sasa wanaokosa ibada kwa sababu spika imeharibika, hii habari ni yenu.

Mwaka 1987 nao usisahauliwe. Mei ile serikali ilibadilisha pesa: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu yake wakakata asilimia 30. Mchuuzi aliyekuwa anaficha akiba yake ndani ya mto wa kulalia alipoteza karibu theluthi bila mwizi kuingia nyumbani.

Halafu moto. Soko liliungua Februari 2009. Likaungua mwaka 2011. Likaungua tena Desemba 2013, siku chache kabla ya Krismasi, wakati vibanda vimejazwa mpaka juu. Mgeni anaweza asielewe uzito wake, kwa hiyo nieleze biashara ya mivumba, yaani mitumba, inavyokwenda. Unanunua belo limefungwa, hujui ndani kuna nini. Ukilifungua, nguo nzuri chache ndizo zinarudisha pesa yako, zilizobaki ndizo faida, na zile mbovu kabisa ni za kutupa bei. Pesa ya belo wengi wanakopa. Mali inalala sokoni, mwenyewe analala nyumbani. Bima wengi hawana. Moto ukipita, belo limekwisha ila mkopo uko palepale, na riba yake haijaungua.

Desemba hiyo ya 2013 mimi nilikuwa bado na cheti kipya cha chuo cha Biblia, na nilikuwa na moto mwingi (mnisamehe kwa neno hilo). Kikundi cha wachuuzi wanaoomba saa saba mchana kiliniita niwatie moyo. Nikachukua Luka 14, wale walioalikwa karamuni. Mmoja kanunua shamba, mwingine ng'ombe, mwingine kaoa. Nikapaza sauti. Nikawaambia Mungu hapendi watu wa udhuru, ati simba anapoungurumia ndipo mtu anajifunza kukimbia, na maneno mengine kama hayo ambayo leo nikiyakumbuka natafuta pa kujificha.

Mama mmoja muuza mashuka akanyoosha mkono. Akasema polepole, "Mtumishi, mimi sijatoa udhuru. Mimi nadaiwa. Nionyeshe kwenye hiyo Luka mtu anayedaiwa kitu kilichoungua."

Sikuwa na jibu. Tuliimba wimbo, tukafunga kwa maombi, nikapanda taksi kurudi nyumbani.

Usiku ule nilisoma 1 Samweli 30. Daudi na watu wake wanarudi Siklagi, wanakuta mji umechomwa, wake na watoto wamechukuliwa. Mimi nilikuwa nimezoea kuhubiri ule mstari wa Daudi kujitia nguvu katika Bwana, nikaruka yaliyo kabla yake. Kabla yake wanalia mpaka nguvu za kulia zinawaisha. Wanaume 600, wapiganaji. Wala hakuna nabii aliyetumwa kuwaambia wanyamaze. Na Daudi mwenyewe, watu wanataka kumpiga mawe. Ndipo anajitia nguvu, anauliza kwa Mungu, anaondoka. Kisha kuna kijito cha Besori. Watu 200 wanachoka pale, hawawezi kuvuka, wanabaki na mizigo. Wenzao 400 wanakwenda, wanashinda, wanarudi na kila kitu. Baadhi yao wanasema hao waliobaki wasipewe kitu. Daudi anakataa. Anaamuru aliyekaa na mizigo apate sawa na aliyeshuka vitani, na inakuwa sheria.

Nilikuwa nimewahubiria watu wa Besori kana kwamba ni wale wa karamu ya Luka. Mtu wa shamba na ng'ombe hakutaka kwenda. Mtu wa Besori alitaka, miguu ikakataa. Kwa Kiswahili tuna maneno mawili, udhuru na sababu, na sisi wahubiri tunayachanganya kwa makusudi kwa kuwa neno la kwanza linapigiwa makofi.

Nilirudi sokoni baada ya siku tatu, safari hii sikuhubiri. Nilikuta watu wameshapima nafasi zao juu ya majivu kwa kamba na vipande vya mbao. Nisiwadanganye kwamba ilikuwa imani tupu. Miaka ile kulikuwa na ugomvi mrefu wa nani atalimiliki na kuliendesha soko, na kila mmoja alijua nafasi ikikaa wazi wiki moja inaweza kupata mwenyewe mpya. Hofu nayo ilijenga vibanda. Lakini niliona na kingine. Wale ambao upande wao haukuungua walikuwa wanafungua mabelo na kuwagawia walioungua: chukua hizi, ukiuza lete pesa. Hakuna aliyeandika mkataba. Mama wa mashuka alipewa mashuka 12. Alinionyesha, akasema, "Hii ndiyo Krismasi." Mkopo alimaliza kuulipa baada ya miaka miwili na ushee. Jirani yake wa kibanda hakurudi kabisa, alienda kijijini kulima, na sithubutu kumwita mtu wa udhuru.

Mambo hayakuishia hapo. Mwishoni mwa Machi 2020, wakati wa korona, masoko yaliruhusiwa kuuza chakula tu, na wauza chakula wakaambiwa walale humo humo sokoni. Wa nguo walikaa nyumbani. Baadhi yao wakaanza kuuza nyanya na mkaa mlangoni. Agosti 2023 Rais Museveni akatangaza kwamba nguo za mitumba zipigwe marufuku, viwanda vya nyumbani vipate nafasi. Hoja yake ina ukweli, pamba yetu inastahili soko. Ila siku ile sokoni watu waliulizana jambo moja tu: kama belo langu linalofuata liko njiani kutoka Mombasa, nifanyeje?

Mwaka huu mkija kwenye maadhimisho, ibada ya wachuuzi bado ni saa saba mchana. Mama wa mashuka ndiye anayeongoza maombi sasa. Njooni, na mje na pesa mfukoni, maana anawapenda sana wageni wa ng'ambo ya mpaka, lakini bei hapunguzi kwa sababu ya wokovu.