Mwenye Moto na Tumbo la Zimwi

Shinyanga na Geita hakuna mlima unaofuka moshi, lakini utajiri wa mikoa hii una asili ya volkano. Sehemu ya miamba ya Geita ni lava iliyomwagika chini ya maji zaidi ya miaka bilioni 2.6 iliyopita, kisha maji ya moto yakapenya kwenye nyufa za miamba na kuacha dhahabu. Mwadui, mgodi wa almasi wa Shinyanga, ni mdomo wa volkano iliyolipuka yapata miaka milioni 50 iliyopita, ikazoa almasi kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150. Mdomo huo wenye hekta 146 hivi umesawazika na nchi tambarare. Mwanajiolojia John Williamson alipougundua mwaka 1940, hapakuwa na kilele cha kumwonyesha njia.

Je, jamii zinazouona moto wa volkano zimeusimuliaje, na jamii iliyorithi moto uliozimika ina simulizi gani ya kulinganisha nazo?

Wachaga husimulia kuhusu vilele viwili vya Kilimanjaro kwamba Mawenzi, kila moto wake ulipozimika, alikwenda kuomba makaa kwa Kibo, hata Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi mpaka kilele kikachongoka. Wanajiolojia nao wanasema Mawenzi alizimika kabla ya Kibo, akaliwa na mmomonyoko, ilhali Kibo bado anatoa gesi ya salfa. Kwa Wamasai, Ol Doinyo Lengai ni mlima wa Engai, Mungu wao. Watu huuendea kuomba mvua na watoto, wakijua kuwa ndio uliorusha majivu mwaka 2007. Katika imani ya Ryangombe huko Rwanda, roho za waliopitia ibada hupumzika Karisimbi, mlima uliolala, na wasiopitia hutupwa katika moto wa Nyiragongo, mlima uliounguza sehemu ya mji wa Goma mwaka 2002. Mbali zaidi, Wahawaii humtambua Pele, mungu wa kike wa volkano, ambaye huteketeza makazi na papo hapo huongeza nchi kavu baharini.

Simulizi hizi zinatofautiana sana, ila zinakubaliana kwamba moto una mwenyewe. Anaombwa, anaogopwa, anaweza kukataa. Hata makaa tu hayachukuliwi bila hodi.

Huku Shinyanga na Geita, Usukumani, simulizi kuu ni ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote, na kijana Masala Kulangwa aliyeliua na kulipasua tumbo ili watu watoke. Simulizi hii haihusu volkano. Nailinganisha na zile kwa sababu inazungumzia jambo ambalo jamii za milima hazikuhitaji kulizungumzia: kufungua tumbo lenye thamani ndani yake. Hapa hakuna mwenyewe wa kuombwa ruhusa, kuna kisu na ujasiri. Lakini kisu kilimkata bibi kizee sikio. Bibi akakasirika, na Masala ikambidi atafute dawa amponye. Ushindi wake haukukamilika mpaka jeraha lile lilipopona.

Kwa maoni yangu, hapa Wasukuma wamefika mahali ambapo simulizi za milima hazikufika. Hofu ya mwenye moto humzuia mtu asisogee. Haimfundishi la kufanya akishachimba. Sisi tumeshachimba. Maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, yameachwa wazi, zebaki ya kunasia dhahabu inachomwa penye watoto, na tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la majitope la Mwadui lilipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za watu. Masikio yaliyokatwa ni mengi.

Masala hakumwambia bibi ashukuru kwa kuwa ametoka hai. Basi anayefukia duara lake, anayechomea zebaki katika chombo kilichofungwa, na anayemlipa fidia aliyepoteza shamba, wanafanya kazi ya uchimbaji yenyewe. Dhahabu iliyoacha jeraha bila dawa bado haijatoka tumboni.