Safu ya Lugha: Nadharia na nadharia tete

Katika mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi husomeka hivi: “Nadharia yangu ni kwamba redio hupanua msamiati wa watoto.” Hiyo si nadharia hata kidogo. Nadharia, neno tulilolipata kwa Waarabu kutoka mzizi wenye maana ya kutazama, ni maelezo mapana yaliyokwisha kupimwa na wengi, kama ile ya Darwin kuhusu mageuko ya viumbe.

Dai la mwanafunzi ni nadharia tete. Tete husemwa kwa nafaka ambayo haijakomaa, na dai hilo nalo halijakomaa: linasubiri data, na likikataliwa utafiti haujaharibika. Wengine huliita dhana, lakini dhana ni wazo tu, si lazima lipimike. Basi itungeni nadharia tete kabla ya hojaji, kwani maswali hutoka humo.