Msitu Sio Miti Tu, Wasee

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa likizo ya kupanda miti. Mnaikumbuka. Mimi nilienda, na sitawadanganya, nilienda kutafuta video. Nikapewa mche, nikachimba shimo na jembe la kuazima, nikajirekodi sekunde arobaini, nikapanda matatu nikarudi mtaani. Video ikafanya vizuri sana. Mche wenyewe ulikuwa mkaratusi, ile tunaitanga blugamu, na tuliupanda karibu na kijito.

Baadaye nilirudi pale. Wangu ulikuwa kijiti kikavu. Ya wengine ilikuwa imeshika, mingine mirefu kuniliko, na mzee mmoja aliyekuwa analisha ng'ombe akaniuliza, "Kijana, ni nyinyi mlituletea hii miti ya kukunywa maji yetu?"

Nilikosa jibu, nikaenda kusoma. (Niliacha chuo, sikuacha kusoma. Hizo ni vitu mbili tofauti, na nimechoka kuelezea.) Nilichokipata ni kwamba hii nchi imekuwa ikichanganya miti na misitu kwa zaidi ya miaka mia moja, na kuna watu wamelipia hiyo makosa na nyumba zao.

Tuanze pwani, kwa sababu huko ndiko biashara ilianza mapema. Ukiingia nyumba ya zamani ya mawe pale Lamu utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Sio mtindo. Dari ilikuwa inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, huwezi kuivuta. Boriti hizohizo zilipakiwa kwenye majahazi zikaenda Oman na Ghuba, mahali hakuna miti ya kujengea, karne baada ya karne. Kenya ilikataza kuziuza nje mwaka wa 1982. Na mikoko si mti mmoja: kuna mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, mlilana, kila mmoja na mahali pake kwenye tope kulingana na vile maji yanapanda na kushuka. Samaki wadogo wanakulia kwenye mizizi, mawimbi yanapunguzwa nguvu kabla yafike kijijini. Pale Gazi, Kwale, wanakijiji kupitia mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda karibu hekta 117 na wanauza hewa ya kaboni, pesa inaenda kwa maji na shule. Wao hawakusubiri likizo.

Ukipanda juu kidogo kutoka baharini unapata kaya za Wamijikenda. Hizi ni misitu midogo, lakini ndani yake kulikuwa na vijiji, makaburi, na mahali pa kuapa. Mwaka wa 1913 Mekatilili wa Menza alikusanya Wagiriama Kaya Fungo wakala kiapo kwamba hawatawapa Waingereza kodi wala vijana wa kufanya kazi. Wakoloni walimkamata wakampeleka mbali, Kisii, akatoroka. Agosti 1914 waliilipua kaya kwa baruti. Fikiria hiyo kidogo. Serikali yenye bunduki na meli inaogopa kichaka mpaka inakitilia baruti. Walijua kitu ambacho sisi tumesahau: msitu ni mahali watu wanajipangia mambo yao. Leo kaya kumi na moja ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, tangu 2008, na zimesimama mpaka leo kwa sababu wazee walikataza watu kukata hata kuni.

Kitu hichohicho kilitokea Nyandarua na Mlima Kenya miaka ya hamsini. Huko juu kuna mianzi, imeshikana hivi kwamba huoni mita tano mbele yako, na baridi ni ya kuuma mifupa. Mau Mau waliishi humo miaka. Waingereza walileta ndege za kutupa mabomu kwenye msitu, na mabomu mengi yaliishia kuchimba mashimo na kuua wanyama. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa ametoka msituni, kwenye ukingo.

Sasa hii miti ya kigeni ilitoka wapi? Reli. Ile reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka wa 1901, na garimoshi zake zilikuwa zinakula kuni. Msitu wa asili ulikatwa, na kuni mpya zikapandwa: mikaratusi kutoka Australia, kwa sababu inakua haraka. Kisha wakaja saiprasi na paini kutoka Mexico kwa mbao. Kuanzia 1910 walikuwa na mfumo wa shamba: unapewa kipande msituni, unalima mahindi yako katikati ya miche, miti ikifunga kivuli unahamishwa. Kazi ya bure kwa serikali, kwa ufupi. Siichukii saiprasi, kitanda changu ni saiprasi. Lakini hilo ni shamba la mbao lenye safu zilizonyooka, na ukitembea ndani utashtuka vile kumenyamaza. Nenda Kakamega, kipande cha mwisho upande huu cha msitu mkubwa wa mvua wa Kongo, usimame dakika moja tu. Ni kelele! Ndege, wadudu, nyani.

Karura iko na vyote viwili, asili na mikaratusi ya zamani, na hiyo stori inanigusa zaidi. Ilitangazwa msitu wa serikali 1932. Miaka ya tisini ikagawanywa kimyakimya kwa watu wenye majina makubwa ili wajenge majumba. Wangari Maathai akaenda na miche. Tarehe 8 Januari 1999 yeye na wenzake walishambuliwa langoni na vijana wa kukodiwa, akapasuliwa kichwa. Wiki chache baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kwa sababu ya Karura, wakapigwa, vyuo vikafungwa. Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Sikuwa nimezaliwa. Wale walikuwa rika langu, na kila mara mtu anaenda kupiga picha za pikiniki pale, anakalia nyasi yao.

Na hapa ndipo ile likizo inaniuma. Serikali inataka miti bilioni 15 kufikia 2032. Sawa. Lakini mwezi uleule wa Novemba 2023, siku chache kabla sisi tupewe miche, familia za Waogiek zilikuwa zinafukuzwa Sasimwani, kwenye msitu wa Mau, nyumba zinabomolewa. Mahakama ya Afrika kule Arusha ilikuwa imeamua 2017 kwamba Mau ni ardhi yao ya mababu na kwamba kulinda mazingira si sababu ya kuwatoa. Mwaka wa 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157. Waogiek ni watu wa asali. Mtu wa asali hakati mti, kwa sababu mzinga wake unaning'inia juu yake. Mau ilimalizwa na waliogawiwa vyeti vya ardhi, mwanzoni mwa miaka ya 2000 hasa, sio na mizinga.

Kwa hiyo tulimtoa anayejua jina la kila mti, halafu tukaletewa mimi na simu yangu.

Ile video bado iko kwenye ukurasa wangu. Nilitaka kuifuta, nikaona huo ni woga. Nimebadilisha maelezo tu: nimeandika ni mti gani, niliupanda wapi, na kwamba ulikufa. Yule mzee nimemwahidi nitarudi mvua zikianza, na safari hii yeye ndiye atachagua mche. Ameshaniambia anataka mkuyu.